Kipimo cha umeme cha kuchomeka: nunua hiki kabla ya kile kiboksi cha "kupunguza umeme"

Duka langu la vinywaji na mtindi hapa Morogoro lina friza moja, friji moja la kioo na taa. Niko kundi la bei la T1 la TANESCO, la wateja wadogo, kwa hiyo elfu kumi inaleta uniti 28 na pointi, tena kama kodi ya jengo imeshakatwa. Mita ya LUKU inakuambia zimebaki uniti ngapi. Nani kazila, haikuambii, na hapo ndipo hiki kipimo kinapolipa.

Nilikinunua Kariakoo kwa 35,000. Unakichomeka ukutani, kisha friji unalichomeka kwenye kipimo. Kioo chake kinasoma volti, ampia, wati na kWh, ambazo ndizo uniti zetu zilezile.

Wati za papo hapo zisikudanganye. Mota ya friza inawaka na kuzima, na ukisoma imezima utadhani haili kitu. Kiache saa 24 ndipo usome kWh. Friza yangu ilisoma 3.2, yaani kama Sh 1,140 kwa siku. Nikabana karatasi mlangoni. Upande wa bawaba ikatoka yenyewe bila kuvutwa. Mpira umechoka. Fundi akaweka mpya, tukafuta vumbi kwenye mabomba ya nyuma na kuyeyusha barafu iliyoganda kuta zote. Kupima tena: 2.3. Hiyo ni akiba ya zaidi ya 9,000 kwa mwezi, friza ileile, soda zilezile. Friji la kioo nalo, taa yake peke yake inakula wati 40, na usiku kucha ilikuwa inawaka bila mteja. Sasa inazimwa tukifunga.

Nikakijaribu na kile kiboksi chenye taa ya kijani wanachouza eti kinapunguza bili. Nilikichomeka pamoja na friza kwenye eksteni moja iliyopitia kipimoni. Ampia zilishuka kidogo, wati zikabaki palepale. Ndani mna kapasita tu, na sisi wateja wadogo tunalipia kWh. Mambo ya kVA, yaani volti mara ampia kwa maelfu, ni ya wateja wakubwa kama viwanda, walio kundi la T2 na T3. Inaniuma kuona mama ntilie anatoa hela yake ya mtaji kununua kitu kile.

Kasoro zipo. Kioo hakina mwanga, na soketi ikiwa nyuma ya friji husomi kitu bila eksteni. Chukua eksteni yenye waya mnene, nyembamba inapata moto. Ulizia pia chenye betri ndogo ndani, la sivyo umeme ukikatika hesabu inaanza upya. Na mwisho wake ni ampia 13: mwenye mashine ya kusaga au ya kuchomelea asikiguse, amwite fundi mwenye kipimo cha kubana waya.