Chembechembe za beta-TCP kwa mgongo wa sungura: nzuri, lakini si peke yake

Chembechembe za beta-TCP (trikalsiamu fosfeti, kauri ya kujazia mfupa) hushikika vizuri zikilowanishwa damu, na bado hatuzipendekezi peke yake kwenye jaribio la kuunganisha pingili za L5 na L6 (ya tano na ya sita za kiunoni) za sungura mweupe wa New Zealand. Huko pembeni mwa uti wa mgongo misuli huzisukuma, na zenyewe hazina seli za kujenga mfupa. Zichanganye na uboho uliofyonzwa nyongani, mililita 2 hadi 3 za mchanganyiko kila upande, baada ya kukwangua mbawa za pingili (vichomozo vya mfupa vya pembeni) mpaka zitoe damu. Ukikwangua kijuujuu, hata kipandikizi bora hakishiki.

Eksirei ndiyo inayodanganya zaidi: chembechembe huonekana nyeupe sawa na mfupa, hivyo picha huonyesha muungano usiokuwepo. Baada ya wiki 6 hivi, toa pingili uzikunje kwa mkono, zikicheza, hazijaungana. Kisha thibitisha kwa hadubini.

Usikose kuweka kundi la kulinganishia lenye mfupa wa nyonga wa sungura mwenyewe. Nalo huungana kwa takriban theluthi mbili tu, na hapo ndipo ubora wa jaribio hili ulipo: hubaki nafasi ya kuona kama kipandikizi kipya ni bora au duni kuliko mfupa huo.