Otoklevu ya mezani baada ya miaka 2: inachemsha vizuri, lakini skrini yake si ya kuaminiwa peke yake

Otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke uliobanwa) ninayoitolea maoni hapa ni ya mezani, ya lita 23, isiyo na pampu ya kuvuta hewa, na nimeitumia karibu kila siku ya kazi kwa miaka 2 katika maabara ya mikrobiolojia inayopima maji na vyakula. Wasio wa fani hii hudhani kwamba sisi hushinda tumeinamia hadubini, ilhali saa nyingi zaidi huishia kwenye kuandaa aga (rojo la kuoteshea bakteria), kuitakasa, kuimimina katika sahani za petri, kisha kuzitakasa sahani hizohizo zikiwa zimejaa bakteria kabla hazijatupwa. Kazi ya mwanzo na ya mwisho zote hupitia kwenye chombo hiki kimoja, na kikikosea, huharibu vipimo vya wiki nzima bila mtu kujua kosa limetoka wapi.

Kwa upande wa joto sina malalamiko. Ikiwa imejazwa nusu, hufika nyuzi 121 za selsiasi kwa dakika 25 hivi, na kipimajoto changu cha pembeni hakijawahi kupishana nayo kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kanuni yake ni ileile iliyotumiwa na Charles Chamberland mwaka 1879: mvuke ukibanwa kwa shinikizo lililozidi lile la kawaida kwa angahewa 1 hivi, huua kwa dakika 15 hata spora, yaani bakteria waliojifunga katika ganda gumu, zinazoweza kuvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa.

Tatizo ni hewa. Mvuke unapoingia, hewa inatakiwa kusukumwa chini na kutoka kupitia vali, lakini hewa iliyonaswa ndani ya mfuko wa taka haina pa kutokea, na palipo na hewa joto hubaki chini ingawa mshale wa shinikizo umesimama mahali pake. Katika mwezi wa nne niliweka kichupa cha majaribio chenye spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili joto sana, katikati ya mfuko wa sahani zilizotumika, mfuko ukiwa umefungwa kwa fundo kama tulivyozoea. Skrini iliandika kwamba mzunguko umekamilika, na utepe wa kiashirio, unaobadilika rangi ukipata joto, ukatoa mistari yake myeusi kama kawaida. Kesho yake asubuhi, baada ya kichupa kulala kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria) ya nyuzi 56, kimiminika cha zambarau kilikuwa kimegeuka njano, rangi ileile ya kichupa cha kulinganishia ambacho hakikuingia kabisa kwenye otoklevu. Spora zilikuwa hai. Utepe ule huthibitisha tu kwamba joto limeugusa kwa nje, wala hauna habari ya kilichotokea ndani ya mfuko.

Kitabu cha maelekezo kinaligusa jambo hili kwa nusu sentensi, na hapo ndipo ninapomlaumu mtengenezaji. Sasa tunaacha mdomo wa mfuko wazi, tunamimina maji kidogo ndani yake ili yawe mvuke hukohuko, na tunaendesha mashine kwa dakika 45. Tangu hapo vichupa vya kila wiki vimebaki zambarau.

Upungufu wa pili unahusu vimiminika. Mashine huanza kuhesabu dakika pale chumba chake kinapofika nyuzi 121, wakati chupa ya mililita 500 ya aga bado inajivuta nyuma, na hakuna tundu la kupitishia waya wa kipimajoto hadi ndani ya chupa. Ukiongeza muda ili kufidia, vyakula vya bakteria vyenye glukosi hugeuka rangi ya kahawia na sukari yake huharibika. Na huwezi kushusha joto, kwa kuwa programu zilizopo ni za nyuzi 121 na 134 tu. Kwa hiyo sukari tunaichuja kando kwa kichujio cha mikromita 0.22 na kuiongeza baadaye, kazi ya ziada ambayo programu moja ya nyuzi 115 ingetuondolea mara nyingi.

Kisha kuna mlango, ambao hufunguka mapema mno. Siku moja mwenzangu alitoa chupa ya aga iliyotulia tuli, angavu kama chai ya rangi, na mara tu kitako chake kilipogusa meza ikafoka na kumwagika juu ya glovu yake. Hakuungua, shukrani kwa glovu nene, lakini tangu siku hiyo hakuna anayefungua kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 80, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Matunzo si mzigo: maji yaliyokenekwa pekee, kufuta chumba kila Ijumaa, na gasketi (mpira wa kuzibia) ya mlango ambayo tumeibadilisha mara moja.

Kwa vyombo vya kioo, ncha za pipeti na chupa ndogo, ningeinunua tena bila kusita. Kwa maabara yenye taka nyingi nisingeinunua. Huko inafaa yenye pampu ya kuvuta hewa, ingawa ni ghali zaidi. Na kwa yeyote anayekaribia kulipia ya aina hii, amuulize muuzaji kuhusu tundu la kipimajoto kabla ya kutia sahihi, kwa sababu kwenye hii yetu fundi alituambia kwamba haliwezi kuongezwa baadaye.