Vipindi nane vya miwani ya VR: nilichokiona kwa mwanangu

Mwanangu ana miaka 14 na hatulii. Mtume dukani unga, atarudi na chumvi. Nikasikia kuna kituo hapa Mombasa kinachowazoeza vijana umakini kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), nikalipia vipindi nane, shilingi 2,000 kila kimoja.

Zoezi lenyewe nimelipenda. Akivaa miwani anajikuta ameketi darasani. Ubaoni zinapita herufi moja moja. X ikija baada ya A, abonyeze. Basi hapo ndipo vishawishi vinapoanza: ndege ya karatasi inapaa, gari linanguruma nje ya dirisha, nyayo zinasikika mlangoni. Niliomba nivae na mimi. Gari lilipopita nikageuza shingo, X ikanipita. Siku ile nilimwonea huruma mtoto wangu kwa miaka yote niliyomgombeza.

Darasa la namna hii lilibuniwa na Skip Rizzo na wenzake, Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na lilianza kama kipimo, kwa kuwa miwani inajua kichwa kimegeukia wapi. Kwa kupima, sina neno. Ripoti ilionyesha kinachomteka mwanangu ni sauti kuliko vinavyopita machoni. Nikaiondoa meza yake sebuleni penye televisheni, nikaipeleka chumba cha nyuma. Sasa anamaliza hesabu bila kuinuka mara tano.

Kwa kuzoeza, nina shaka. Makosa yalishuka kutoka 19 hadi 6, lakini ni humo humo ndani ya miwani. Dukani bado anarudi na chumvi.

Lililoniuma ni hili. Vipindi vitatu vya kwanza alitoka ameshika kichwa, mhudumu akasema atazoea. Kipindi cha nne alikuwepo dada mwingine, akamtazama macho, akazisogeza lenzi kwa kidole. Kumbe miwani hiyo, aina ya Quest 2, ina nafasi tatu za umbali kati ya lenzi, milimita 58, 63 na 68, na mtoto alikuwa amewekewa ile pana. Kichwa kikapoa siku hiyo hiyo. Nilidai vipindi vile virudiwe, wakakataa. Na sponji ya miwani ilikuwa imelowa jasho la aliyetangulia.

Ningeanza upya, ningelipia vipindi viwili tu, nichukue ripoti. Na wewe ukimpeleka wako, lenzi zipangwe mbele yako, na uende na kitambaa chako cha kufutia.