Meza na Sinki za Stenlesi Mgahawani: Nunua Nini Kwanza cha Kuzisafishia

Jiko la Mwanza linalouza sato na sangara linaitesa stenlesi kuliko jiko la chai na chapati, kwa sababu chumvi na ndimu havikosekani mezani. Kinachoilinda stenlesi ni utando mwembamba usioonekana, unaotokana na kromiamu iliyomo (angalau asilimia 10.5) ikikutana na hewa. Kloridi ya chumvi huutoboa, na maji ya samaki yakilala usiku kucha, utakuta vishimo vidogo vyenye kutu.

Namba moja kwangu, bila kusita: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na vitambaa laini vya maikrofaiba. Nunua vitambaa vingi, kimoja cha kuosha, kingine cha kukaushia. Osha kwa maji ya moto, suuza, kisha kausha kabisa. Futa kwa kufuata mistari ya chuma, usizungushe mkono. Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende, hata kama bajeti ni ndogo.

Ya pili ni dodoki, au sponji ya nailoni isiyokwaruza. Dodoki la sokoni linafanya kazi vizuri sana, ila hushika mabaki na kunuka shombo, kwa hiyo badilisha mara kwa mara.

Ya tatu, bekingi soda kwa mafuta yaliyoganda pembeni ya kikaangio cha chipsi: ikoroge na maji iwe uji mzito, paka, subiri kidogo, sugua taratibu. Siki nyeupe ni ya ukoko mweupe wa maji yaliyochemka. Usivichanganye, vinauana nguvu, povu linakudanganya tu.

Ya nne ni poda yenye asidi ya oksaliki. Inunue kama kutu imeshaonekana. Vaa glavu, suuza kwa maji mengi, iweke mbali na vyakula.

Mafuta ya kung'arisha nayaweka mwisho. Yanapendezesha mlango wa friji, hayasafishi, na hayafai pale unapokatia samaki.

Stili waya usinunue kabisa. Inakwaruza na kuacha chembe za chuma zinazoshika kutu, halafu lawama inaiangukia meza. Jiki nayo ina klorini. Ukilazimika kuua vijidudu nayo, izimue kama kibandiko kinavyosema, usiiache ikakae, suuza na kausha. Usiikutanishe kamwe na siki wala ile poda: hutoa gesi ya sumu.

Kama meza yenyewe bado hujanunua, mwombe fundi stenlesi ya daraja la 304 (namba inayotaja aina ya stenlesi), lenye madini ya nikeli. La 430 halina, na huwahi kutu kwenye chumvi. Sumaku ikinata kwa nguvu, hiyo si 304. Isiponata, bado omba daraja liandikwe kwenye risiti, kwa sababu 201 ya bei nafuu nayo hainati.