HandBrake: Hodari wa Kubana, Si wa Kunakili

Harusi ya dada yangu ilirekodiwa mwaka wa 2008 na kutiwa katika DVD tatu, ambazo kwa miaka mingi zilikaa ndani ya kabati la mama huko Kibokoni, Mombasa, zikila joto na unyevu wa bahari kama kila kitu kingine katika nyumba ile. Tulipozitoa mwaka jana, mbili zilikuwa na mikwaruzo na ya tatu ilikuwa imeanza kufanya madoa ukingoni. Studio iliyopiga picha ilikuwa imekwisha kurekodi harusi nyingine juu ya kanda za awali, kwa hiyo hapakuwa na asili nyingine ila diski zile tatu. Tathmini hii inahusu HandBrake, programu ya bure ambayo karibu kila mtu hutajiwa anapouliza namna ya kunakili DVD nyumbani. Nimeitumia kwa diski hizo na nyingine kadhaa za jamaa, na rai yangu ni kwamba ni programu nzuri sana inayosifiwa kwa kazi isiyokuwa yake.

Lazima nikiri kwamba kabla ya kuifikia nilianza vibaya. Niliipeleka diski ya kwanza, ile ya usiku wa kupamba, katika duka moja la mjini, nikarudishiwa flashi yenye faili moja ya MB 400. Diski yenyewe ilikuwa na takriban GB 4.3 kwa saa mbili za picha, kwa hivyo nilichorudishiwa kilikuwa chini ya sehemu moja kwa kumi ya kile nilichopeleka. Bi harusi alikuwa amenenepa, kwa sababu picha ya uwiano wa 4:3 ilikuwa imevutwa ikajaza runinga ya 16:9. Mikono ya wachezaji iliacha vumbi la miraba kila ilipokwenda, na vigelegele vilisikika kama vinapigwa ndani ya mtungi. Fundi alinieleza kwa upole kwamba DVD ya zamani haiwezi kutoa zaidi ya hapo. Maelezo hayo si ya kweli, na ndiyo yaliyonifanya ninunue kisomeo cha DVD cha kuchomeka kwa USB, kwani kompyuta yangu, kama nyingi za siku hizi, haina tundu la diski.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kunakili na kubana ni shughuli mbili. Zamani, ukinakili kanda ya VHS, kila nakala ilikuwa hafifu kuliko mama yake, na nakala ya nakala ilikuwa hafifu zaidi. DVD haina shida hiyo. Yaliyomo ni tarakimu, na tarakimu zikichukuliwa zote jinsi zilivyo, nakala ya mia moja ni sawa na ya kwanza. Ubora haupotei hapo. Hupotea pale picha inapofunguliwa na kufungwa upya kwa mbinu nyingine ili faili iwe ndogo. DVD huhifadhi picha kwa MPEG-2, mbinu ya katikati ya miaka ya 1990. HandBrake huifungua picha hiyo na kuifunga kwa mbinu mpya zaidi, kama vile H.264 au H.265, ambazo huhitaji nafasi ndogo kwa ubora unaokaribiana. Inaukaribia ubora wa asili, na mara nyingi jicho halioni tofauti, lakini si ule ule. Anayeifanyia kazi hiyo diski yake ya pekee kisha akaitupa diski, ametupa asili.

Kwa sababu hiyo sikuigusa HandBrake mpaka nilipokuwa nimeichukua kila diski nzima kama faili ya ISO, yaani faili moja iliyo nakala kamili ya diski. Kwa kazi hiyo nilitumia ImgBurn, programu nyingine ya bure, ambayo toleo lake la mwisho ni 2.5.8.0 la mwaka 2013 na sura yake inaonyesha umri huo. Bado inafanya kazi. Diski zenye mikwaruzo nilizipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, wala si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski hukisumbua kisomeo kuliko unaoukata. Kisha niliishusha kasi ya kusoma nikaiacha mashine ijaribu yenyewe. DVD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, na ile yenye madoa ilisomeka bila tatizo hadi karibu na mwisho, ikaanza kusita palepale ukingoni ambapo vidole vya ukoo mzima vilikuwa vikiishikia. Stima zilikatika mara moja katikati ya kazi, ikanibidi nianze upya. Mtego mwingine uko kwenye flashi: faili ya ISO inayozidi GB 4 haiingii katika flashi iliyoumbwa (kufomatiwa) kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, hata kama ina nafasi ya GB 60, mpaka uiumbe upya kwa mpangilio mpya zaidi wa exFAT.

Baada ya hapo ndipo HandBrake inapoonyesha ustadi wake. Hufungua faili ya ISO moja kwa moja, bila diski, na huorodhesha vipande vyote vya picha vilivyomo. Ukiifungua mara ya kwanza inakupa mpangilio uliokusudiwa picha kubwa za 1080p, yaani zenye urefu wa nukta 1080, ambao hauna maana kwa DVD. DVD za kwetu, zinazofuata mfumo wa PAL, zina picha ya upana wa nukta 720 na urefu wa 576, fremu 25 kwa sekunde, na hakuna programu inayoweza kuongeza kilichokuwa hakipo. Mpangilio unaofaa ni ule ulioandikwa HQ 576p25 Surround. Kiwango cha ubora huwekwa kwa namba iitwayo RF, ambayo ikipungua, ubora na ukubwa wa faili huongezeka. Waundaji wenyewe hupendekeza kati ya 18 na 22 kwa picha za DVD. Mimi nilijaribu 22, 20 na 18 kwa dakika tano zile zile, zenye taa za rangi na nguo za kumeta, nikatulia kwenye 19. Faili ya saa mbili ilitoka na GB 1.7. Namba hii haikuahidi ukubwa wowote mapema: picha tulivu ya nikaha msikitini hubanwa sana, ilhali ngoma ya usiku hudai nafasi.

Ninachoisifu zaidi ni jinsi inavyoshughulikia meno ya kitana. Kamera na DVD za wakati ule hazikuhifadhi fremu nzima kwa mpigo. Kila fremu ilikuwa na nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, zilizopishana kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Runinga za kioo cha bomba zilizionyesha moja baada ya nyingine. Kompyuta huzionyesha pamoja, na hapo ndipo kila kinachosogea hupata meno. Nilisimamisha picha pale shangazi alipokuwa akipunga leso kichwani: pindo la leso lilikuwa limechanika kuwa mistari myembamba iliyolala, na ncha za vidole vyake zilionekana kama kitana cha nywele, ilhali kiti kilichokuwa nyuma yake kilikuwa safi kabisa. Kichujio cha HandBrake kiitwacho Decomb huzisawazisha fremu zenye meno tu na kuziacha zilizo tulivu, jambo linalohifadhi ukali wa picha. Ukichagua ndani yake chaguo la Bob, na ukaondoa kikomo cha fremu 25 ukaweka 50, kila nusu hugeuzwa fremu kamili na mwendo hurudi kuwa mwororo kama ulivyoonekana kwenye runinga ya zamani. Kwa mazungumzo na hotuba sioni haja ya Bob. Kwa chakacha haja ipo, na faili ikiongezeka kidogo si hasara.

Kwa upande wa sauti nina neno la lawama, ingawa dawa yake imo humo humo. Mipangilio mingi huibana sauti upya kwa AAC, mbinu ya kubana sauti, ya kilobiti 160 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kwa mazungumzo, lakini kwa sauti ambayo imekwisha kubanwa mara moja na studio sioni sababu ya kuibana mara ya pili. Ikiwa sauti ya diski ni AC3, mbinu ya kubana sauti inayotumika sana katika DVD, nenda kwenye sehemu ya sauti, chagua AC3 Passthru, na sauti itahamishwa jinsi ilivyo bila kuguswa. Studio nyingine huweka sauti ya PCM isiyobanwa, ambayo huchukua zaidi ya kilobiti 1,500 kwa sekunde, na hiyo niliigeuza kuwa FLAC, inayopunguza ukubwa bila kupoteza chochote, nikahifadhi katika faili ya MKV. Kipimo changu kilikuwa vigelegele. Sauti kali inayotetemeka namna ile, juu ya ngoma na makofi, ndiyo ya kwanza kuharibika inapobanwa mno, hugeuka majimaji. Nilisikiliza kwa spika za masikioni, DVD upande mmoja na faili upande wa pili, nikihama kutoka moja hadi nyingine macho yakiwa yamefumba, nisiweze kutambua ipi ni ipi.

Uwiano wa picha HandBrake huuhifadhi bila kuombwa, na bi harusi akarudi kuwa mwembamba. Uangalie tu ukataji wa kingo, ambao huwekwa wa kujifanyia wenyewe: katika ukumbi wenye giza unaweza kukosea kiza kwa ukingo mweusi, kwa hiyo mimi huuzima.

Yako mambo ambayo HandBrake haiyafanyi, na afadhali kuyajua kabla ya kuipakua. Haifungui diski zilizofungwa kwa kufuli za hakimiliki, yaani nyingi za filamu zinazouzwa madukani, na nchini Kenya kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001; habari hii yote inahusu picha za nyumbani, ambazo hazina kufuli. Haihifadhi menyu. Ile menyu ya waridi yenye maua yanayozunguka, ambayo mama anaipenda kuliko sehemu nyingine ya diski, imebaki ndani ya ISO, na huonekana tu ISO hiyo ikifunguliwa kwa programu kama VLC. Alama za sura, zile za kurukia sehemu nyingine ya picha, hubaki, lakini vipande hugeuzwa kimoja kimoja, ingawa unaweza kuvipanga foleni jioni na kuvikuta vimekwisha asubuhi. Kompyuta yangu, ambayo si ya nguvu, ilichukua saa moja na dakika arubaini kwa kipande cha saa mbili bila Bob, na karibu mara mbili ya hapo pamoja na Bob, huku feni ikivuma kama jahazi linalopasua upepo. Katika joto la mwezi wa pili, ningeshauri kazi hiyo ifanywe usiku.

La mwisho nililigundua Likoni. Shangazi mwenye leso aliomba nakala yake, nami nikampelekea flashi yenye faili iliyotoka HandBrake, nikijivunia kazi yangu. Deki yake ya DVD, ambayo ni ya zamani kuliko harusi yenyewe, iliisoma flashi, ikaorodhesha jina la faili, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuicheza, kwa kuwa deki za umri huo hazikuijua H.264. HandBrake haitengenezi DVD. Hutoa faili tu. Nilirudi mjini, nikachukua ile ISO, nikaichoma kwa ImgBurn kwenye DVD-R tupu kwa kasi ya 4x, nikairuhusu programu ilinganishe diski na faili hadi mwisho, kisha nikavuka tena na feri Jumamosi iliyofuata. Deki iliipokea mara moja, menyu ya waridi ikatokea na maua yake, na shangazi akabonyeza sehemu ya kupamba kwa rimoti bila kuniuliza chochote.