i7 ya laptopu na i5 ya mezani, ipi ina nguvu? Angalia herufi ya mwisho kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina mashine mbili, zote mtumba, zote za aina ambayo ukizunguka Kariakoo huwezi kuzikosa. Hii ya kushoto ni HP EliteBook 840 G3, ina prosesa, yaani ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ya Core i7-6600U. Hii ya kulia ni lile boksi ambalo wengi mnaliita CPU, ni Dell OptiPlex 7040, ndani kuna Core i5-6500. Prosesa zote kizazi cha sita, zote za 2015, zote Intel. Na swali ninaloulizwa kila siku ni hili, kaka si i7 ni kubwa kuliko i5, mbona unaniambia nichukue ya i5?

Nalichukulia kwa uzito hili swali maana nina jamaa yangu anashuti harusi, alijibana miezi kibao akanunua laptopu ya i7 kwa sababu muuzaji alimwambia hiyo ndo mwisho wa matatizo, leo hii akirenda video, yaani akiigeuza video aliyohariri iwe faili kamili, anaiacha inanguruma usiku kucha na asubuhi anakuta bado. Iliniuma aisee.

Sasa twende. Achana na ile 7, angalia herufi ya mwisho. Hiyo U maana yake prosesa imetengenezwa itumie umeme kidogo, imepangiwa wati 15. Hii i5-6500 haina herufi yoyote, ni ya mezani, wati 65, zaidi ya mara nne. Halafu kori, yaani vitengo vya kazi ndani ya prosesa, i7 hii ina kori 2 tu, ndio, mbili, na thredi 4, yaani kila kori inashika kazi mbili kwa zamu, wakati i5 ya mezani ina kori 4 kamili. Wengi wanafungua Task Manager wanaona grafu nne wanasema ninazo kori nne, hapana, hizo ni thredi, soma pale chini panapotaja idadi ya kori utaona 2.

Ukija kwenye spidi ndo watu wanapochanganyikiwa. i7 inaanzia gigahezi 2.6 inapanda mpaka 3.4, i5 inaanzia 3.2 mpaka 3.6. Ukiangalia zile namba za juu unasema mbona zinakaribiana, na kweli kwa kazi fupi zinakaribiana, kufungua brauza, Word, Excel, hata mimi ukinifunga macho siwezi kukuambia niko kwenye ipi. Tatizo ni kazi ndefu. Ile 3.4 ni ya kupanda kwa muda mfupi, mfano wa mbeba mizigo anayekimbia na gunia mpaka kona ya kwanza, anakimbia kweli, ila huko mbele lazima apunguze mwendo. Laptopu ina feni moja nyembamba na kibati kidogo cha kupozea, joto likijaa prosesa inajishusha yenyewe isiungue, na hata lisipojaa ile wati 15 nayo inaibana. Desktopu ina feni kubwa na nafasi ya hewa, inakaza mwendo ule ule kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Nimerenda faili moja la video kwenye zote mbili, programu ile ile, mipangilio ile ile, nikaziwasha pamoja. Desktopu ilitangulia, laptopu ikazidi kubaki, na desktopu inamaliza mwenzake ndo kwanza amevuka nusu. Huyo ni i5 anamwacha i7 wadau, na bei yake dukani ipo chini.

Ila angalizo, kuna desktopu ndogondogo zile za kushika mkononi, ukikuta i5-6500T hiyo T ni ya wati 35 na spidi imepunguzwa, usilipe bei ya boksi kubwa. Na kwenye laptopu ukikuta HQ, mfano i7-6700HQ, hiyo ni wati 45, kori 4 thredi 8, hiyo sasa ndo i7 ya kufanyia kazi, japo chaji inaisha haraka.

Simaanishi laptopu haifai. Umeme ukikatika desktopu imezima hapo hapo na kazi yako imeenda, lazima uwe na UPS, ile betri ya akiba, na mwanafunzi hawezi kubeba boksi kwenye daladala. Kama lazima iwe laptopu tafuta kizazi cha nane, i5-8250U, bado wati 15 ila kori 4 thredi 8, yaani i5 ya 2017 ina kori mara mbili ya hii i7. Tena hiyo inaruhusiwa rasmi Windows 11, hizi zangu zote mbili haziruhusiwi na Windows 10 iliishiwa huduma Oktoba 2025, kwa hiyo hilo lipige hesabu kabla hujatoa hela.

Kingine, prosesa ya laptopu hii imechomelewa kwenye bodi, ulichonunua ndo hicho mpaka mwisho. Ya desktopu inachomoka. Nimeshapata i7-6700, kori 4 thredi 8, wati zile zile 65, video ijayo naipachika humu na tunarenda faili lile lile. Niandikieni hapo chini prosesa yako inaishia na herufi gani na unaifanyia kazi gani, nitawajibu mmoja mmoja.