Kumuaga mtumishi wa sinagogi: kiddush ya Shabbat au karamu ya Jumapili?

Kwa gharama, kiddush, yaani chakula chepesi cha pamoja baada ya sala ya Shabbat (Sabato ya Wayahudi, siku ya mapumziko kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku), inashinda wazi. Watu wameshakuja kusali Jumamosi asubuhi. Unaongeza samaki, keki na sufuria kubwa ya cholent, mchuzi mzito wa nyama na maharage, iliyokaa motoni tangu Ijumaa, basi. Karamu inataka ukumbi, mialiko na mpishi wa kosher (anayefuata sheria za chakula za Kiyahudi), ambaye si wa bei rahisi.

Mahudhurio? Kiddush ina uhakika wa waumini, ila wanaoshika Shabbat na wanakaa mbali hawataendesha gari.

Kwenye zawadi ndipo penye kazi. Wanaoshika Shabbat hawagusi pesa, hawaandiki wala kupiga picha siku hiyo. Bahasha ya dola 180, yaani 18 mara kumi (18 ni jumla ya thamani za herufi za neno la Kiebrania “chai”, uhai), itasubiri Jumapili.

Mimi huangalia kazi aliyofanya. Msafishaji aliyepanga viti kila Jumamosi, kwenye kiddush utamkuta anafuta meza kwa mazoea. Huyo mwandalie Jumapili, akae ahudumiwe. Katibu ambaye wengi wanamjua kwa sauti ya simu tu, msimamishe mbele yao Shabbat.